Mwimbaji anapopotea ndani ya sono: namna ya kuunganisha vyombo vya stereo kanisani



Kuna jambo ambalo tumelikuta katika parokia nyingi tunazozitembelea. Kwaya ina muziki wake ndani ya simu. Fundi anachomeka simu kwenye mikseri. Gitaa la pembeni linasikika, matoazi yanasikika, mwangwi unasikika kama mtu anayeimba ndani ya pango, lakini mwimbaji mwenyewe hayupo. Ama vijana wanaonyesha filamu juu ya maisha ya Yesu: muziki unajaa kanisa, maneno hayasikiki. Watu wanatazamana. Fundi anazungusha vifungo vyote. Mzee mmoja anasema simu imekufa, mwingine anasema mikseri ni ya zamani, na katika kikao cha juma linalofuata linaletwa pendekezo la mchango wa kununua ampli mpya.

Katika hali ya namna hiyo, mara nyingi hakuna chombo kilichokufa. Shida iko kwenye waya mmoja wa bei ndogo, ulioingia vizuri kabisa ndani ya tundu lakini haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Ndiyo maana tumeona vema kueleza jambo hili polepole, kwa sababu sadaka za washiriki ni chache, na kwa sababu sauti isiyoeleweka haimjengi anayeisikiliza. Mtume Paulo mwenyewe, alipowaandikia Wakorintho, alichukua mfano wa vyombo vya muziki ili kufundisha jambo hilo.

Tunaomba mshike neno moja tangu mwanzo: jaki kuingia ndani ya tundu hakuonyeshi kwamba muunganisho ni sahihi.

Stereo ni nini?

Stereo ni sauti mbili zinazosafiri pamoja, moja ya upande wa kushoto na nyingine ya upande wa kulia. Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliomba hati ya uvumbuzi wa mambo hayo mwaka 1931, naye alitaka msikilizaji aweze kutambua sauti inatoka wapi, kama vile masikio yetu mawili yanavyofanya.

Katika wimbo uliorekodiwa kwa stereo, gitaa moja laweza kuwekwa zaidi kushoto, lingine zaidi kulia. Lakini mwimbaji mkuu kwa kawaida huwekwa katikati. Kuwa katikati maana yake ni kwamba sauti yake imeandikwa sawasawa pande zote mbili. Gitaa la besi na ngoma kubwa nazo huwekwa hivyo hivyo, na katika filamu maneno ya watu huwekwa katikati. Mono ni kinyume cha hayo: sauti ni moja tu, na inasafiri katika njia moja.

Hesabuni mistari iliyo kwenye jaki

Jaki tunalotumia leo ni chombo cha zamani. Lile kubwa, lenye unene wa milimita 6.35, lilianza katika vituo vya simu vya karne ya 19, ambako wafanyakazi waliunganisha watu wawili wanaotaka kuongea kwa kuchomeka na kuchomoa majaki kwenye ubao wenye matundu mengi. Jaki dogo la milimita 3.5 ndilo la simu na kompyuta.

Chukueni jaki lolote mlitazame. Mtaona mistari ya plastiki, mara nyingi myeusi, inayogawanya chuma katika vipande.

Mstari mmoja: jaki lina vipande viwili, yaani ncha na shina. Hilo ni la mono. Ndilo la gitaa.

Mistari miwili: jaki lina vipande vitatu, yaani ncha, pete na shina. Hapa muwe waangalifu, kwa sababu jaki la namna hii lina kazi mbili tofauti, nasi tutazieleza.

Mistari mitatu: jaki lina vipande vinne. Hilo ni la kifaa cha masikioni cha simu chenye mikro ndani yake.

Kazi ya kwanza ya jaki lenye mistari miwili ni kubeba stereo: ncha inabeba kushoto, pete inabeba kulia, shina linarudisha umeme. Hivyo ndivyo simu, kompyuta na vifaa vya masikioni vinavyofanya.

Kazi ya pili ni kubeba sauti moja tu, ya mono, kwa njia ya mizani. Sauti ile ile inatumwa mara mbili: kwenye ncha inakwenda kama ilivyo, kwenye pete inakwenda ikiwa imegeuzwa kichwa chini. Ikifika, mikseri inatoa ile ya pete kutoka katika ile ya ncha. Kelele zote zilizoingia njiani, kama mvumo wa jenereta au wa taa, zimeingia sawasawa katika nyaya zote mbili. Basi zinapotolewa, zinafutana. Sauti ya kweli inabaki safi. Waya wa mikro wenye kichwa cha XLR cha pini 3 unafanya kazi kwa njia hiyo hiyo, na ndiyo sababu unaweza kuvutwa mita 50 bila kuvuma.

Kwa nini mwimbaji anapotea

Sasa wekeni mambo haya mawili pamoja. Simu inatoa stereo: kushoto kwenye ncha, kulia kwenye pete. Tundu la mikseri, katika mikseri nyingi, linangoja sauti ya mizani: linachukua cha ncha na kutoa cha pete. Mikseri haijui kwamba mmeipa stereo. Inafanya hesabu yake kama kawaida, kushoto kutoa kulia.

Tuseme mwimbaji ana 5 kushoto na 5 kulia. 5 kutoa 5 ni 0. Mwimbaji amekwisha kupotea. Gitaa la pembeni lina 4 kushoto na 1 kulia. 4 kutoa 1 ni 3. Gitaa limebaki. Mwangwi wa sauti umetawanywa tofauti katika pande mbili, nao unabaki. Kwa hiyo mnasikia pango bila mtu.

Ndugu wengi wamegundua kwamba wakivuta jaki nusu nje, mwimbaji anarudi. Kisha wanalifunga kwa utepe ili lisisogee. Sasa mnajua sababu: jaki lililovutwa linagusa vipande vingine, ile hesabu ya kutoa inavunjika, na upande mmoja tu ndio unaopita. Lakini hayo si matengenezo. Mtoto akipita na kugusa waya katikati ya ibada, kila kitu kinapotea tena.

Waya unaofaa

Waya wa kununua ni huu: upande mmoja jaki moja dogo la 3.5 lenye mistari miwili, na upande wa pili majaki mawili makubwa ya 6.35, kila moja lenye mstari mmoja tu. Jaki dogo linaingia katika simu au kompyuta. Yale makubwa mawili yanaingia katika chaneli mbili za mikseri, kushoto na kulia, au katika chaneli ya stereo kama mikseri inayo, ile yenye matundu mawili yaliyoandikwa L na R.

Kama mikseri yenu ina matundu ya RCA, yale yanayotumika pia nyuma ya televisheni na visomaji vya DVD, waya wa jaki dogo kwenda RCA mbili unafaa vilevile. Nyekundu ni kulia. Nyeupe, au nyeusi katika nyaya nyingine, ni kushoto. Aina hiyo ya kichwa ilipata jina lake kutoka kampuni ya Marekani, Radio Corporation of America, iliyoieneza katika miaka ya 1930.

Mkibaki na chaneli moja tu, simu nyingi zina mpangilio wa sauti ya mono katika sehemu ya usaidizi wa kusikia. Uwasheni, kisha mchomeke jaki kubwa la kushoto peke yake. Wimbo wote utapita humo. Lakini angalieni: mkiwasha mono na bado mnatumia waya mbaya wa mwanzo, hamtasikia kitu chochote, kwa sababu sasa kila sauti iko sawa pande zote mbili, na yote inafutana.

Adapta zinazodanganya

Ile adapta ndogo inayopokea jaki la 3.5 na kuligeuza kuwa la 6.35 lenye mistari miwili haina ubaya wowote. Ilitengenezwa ili mtu aingize kifaa chake cha masikioni katika tundu kubwa la masikio. Mkiitumia kuingiza simu katika chaneli ya mikseri, mnaipa kazi isiyo yake. Waya wa jaki dogo kwenda XLR moja nao mara nyingi huleta shida hiyo hiyo.

Jaki la mono mkilichomeka moja kwa moja ndani ya simu, shina lake refu linagusa mahali pa pete. Upande wa kulia unaunganishwa na shina na kunyamaza. Mtasikia upande wa kushoto tu, na kama sauti ya pili ya kwaya iliwekwa kulia, haitafika.

Waya wenye umbo la Y una sheria yake. Tundu moja la kutolea sauti linaweza kupelekwa katika matundu mawili ya kupokelea, kama chemchemi moja inavyonywesha mashamba mawili. Lakini matundu mawili ya kutolea sauti yasifungwe pamoja kuwa moja, kwa sababu kila moja linausukuma umeme wake ndani ya lingine; sauti inaharibika, na chombo kinaweza kuchoka. Kama ni lazima kuunganisha kushoto na kulia ndani ya waya mmoja, mpeni fundi wa redio aweke vipinga viwili vya omu 1,000, yaani rezistansi, kimoja kwa kila upande kabla ya kukutana. Ni kazi ya muda mfupi kwa mtu mwenye chuma cha kuunganishia.

Simu nyingi za sasa hazina tundu la jaki, zinatumia adapta ya USB-C. Adapta hizo ni za aina mbili. Nyingine zina kigeuzi cha sauti ndani yake, nyingine ni waya tu na zinategemea simu kutoa sauti yenyewe. Zile za waya tu hazifanyi kazi katika kila simu. Kwa hiyo nendeni dukani na simu yenyewe, mjaribu pale pale kabla ya kulipa.

Kinanda

Vinanda vingi vina matundu mawili nyuma, moja limeandikwa L/MONO na lingine R. Kama mna waya mmoja, tumieni lile la L/MONO peke yake: kinanda chenyewe kitachanganya pande zote mbili. Kama mna nyaya mbili, tumieni yote mawili katika chaneli mbili.

Vinanda vidogo vina tundu la masikio tu, lililoandikwa PHONES. Hilo ni stereo, sawa na la simu. Linahitaji waya uleule wa jaki moja kwenda majaki mawili ya mono, isipokuwa hapa jaki la kwanza lifuate ukubwa wa tundu la kinanda. Anzeni na sauti ya kinanda ikiwa chini, mpandishe kidogo kidogo.

Waya wa gitaa au wa kinanda ukipita mita 6 hivi, unaanza kukusanya mvumo. Kama mikseri iko nyuma ya kanisa na waimbaji wako mbele, tumieni kisanduku cha DI. Kinapokea jaki la chombo na kutoa XLR ya mizani, nayo inasafiri mbali bila shida.

Matundu yanayofanana, nguvu zisizofanana

Hapa ndipo hasara kubwa inapotokea. Jaki la 6.35 linatumika kwa gitaa, kwa mikseri, na katika ampli nyingine linatumika pia kupeleka umeme kwenye bafle. Kwa macho ni jaki lilelile. Kwa nguvu ni tofauti kabisa. Mikro inatoa sehemu ndogo sana ya volti moja. Simu na mikseri zinatoa karibu na volti moja. Lakini ampli inayotoa wati 200 kwenye bafle ya omu 8 inatoa volti 40. Mkichukua tundu la bafle la ampli mkalipeleka katika mikseri, mikseri inaweza kuungua papo hapo. Vilevile, bafle yenye ampli ndani yake haipaswi kupokea waya kutoka tundu la bafle la ampli nyingine.

Waya wa gitaa usitumike kwa bafle. Ni mwembamba, unapata moto. Waya wa bafle ni mnene na una nyuzi mbili zilizo sawa. Kama ampli na bafle zenu zina matundu ya Speakon, yatumieni, kwa sababu kichwa chake hakiwezi kuingia mahali pa jaki wala pa XLR.

Jambo lingine ni kile kifungo cha 48V. Kinapeleka umeme wa volti 48 kwenye XLR kwa ajili ya mikro zinazouhitaji. Katika mikseri ndogo, kifungo kimoja huwasha chaneli zote za XLR kwa pamoja. Simu au kompyuta iliyounganishwa kwa adapta ya XLR inaweza kuharibika. Kama hamna mikro inayohitaji umeme huo, kiacheni kimezimwa.

Kompyuta ikivuma, chomoeni chaja yake mjaribu kwa betri. Mvumo ukiisha, unatoka katika njia ya umeme. Tafuteni kisanduku cha DI cha stereo chenye transfoma. Msikate pini ya ardhi ya chombo chochote ili kuondoa mvumo. Pini hiyo inalinda uhai wa yule anayeshika mikro.

Je, kanisani tunahitaji stereo?

Wengine watashangaa, lakini kwa ibada nyingi jibu letu ni hapana. Stereo inampendeza mtu aliyeketi katikati ya bafle mbili. Kanisani, mama aliyeketi karibu na ukuta wa kushoto anasikia zaidi bafle ya kushoto. Kama gitaa na sauti ya pili vimewekwa kulia tu, yeye amekosa nusu ya wimbo. Kwa hiyo ingizeni stereo vizuri, kwa waya sahihi, katika chaneli mbili. Kisha vifungo vya PAN vya chaneli zile muviweke katikati. Mikseri itajumlisha pande mbili badala ya kuzitoa, na bafle zote mbili zitasema neno moja. Mikro ya mhubiri nayo iwe katikati siku zote. Kama mikseri ina chaneli ya stereo yenye kifungo kimoja tu, basi iacheni kama ilivyo, mkague tu kwamba mwimbaji anasikika pande zote.

Kabla ya ibada

Vijana wa sono, fanyeni hivi kila Jumapili, nusu saa kabla watu hawajaingia.

1. Shusheni sauti zote kabla ya kuchomeka au kuchomoa jaki lolote.
2. Washeni simu, kinanda na mikseri kwanza. Ampli au bafle zenye ampli iwe mwisho. Wakati wa kuzima, hizo zizimwe kwanza. Hivyo ule mlio wa kishindo hautapiga bafle.
3. Chezeni wimbo mnaoufahamu vizuri. Sikilizeni chaneli ya kushoto peke yake, kisha ya kulia peke yake, kisha zote pamoja. Mwimbaji akisikika peke yake kila upande na kudhoofika zinapokuwa pamoja, kuna waya au adapta iliyogeuza upande mmoja.
4. Mtu mmoja aende aketi katika kiti cha mwisho na pembeni. Aseme kama anaelewa maneno.

Wekeni pia alama ya utepe wa rangi kwenye kila waya: rangi moja kwa simu, nyingine kwa kinanda, nyingine kwa bafle. Kijana anayeshika zamu kwa mara ya kwanza asilazimike kukisia.

Neno kwa wachungaji na wazee

Tunapenda kumalizia na sisi wenyewe tulio viongozi. Sauti ikipotea, ni rahisi kumgeukia kijana wa sono mbele ya watu wote na kumkaripia kutoka mimbarani. Mara nyingi kijana yule amepewa adapta ambayo haiwezi kufanya kazi anayoombwa, wala hakuna aliyemfundisha. Tumeona vijana wenye karama wakiacha huduma kwa sababu ya maneno kama hayo, na kanisa likabaki na vyombo vya bei kubwa bila mtu wa kuvishika.

Basi kabla kikao hakijapitisha mchango wa ampli mpya, waulizeni vijana swali moja: waya unaotoka kwenye simu una mistari mingapi upande wa mikseri? Kama ni miwili, jaribuni kwanza ule waya wenye majaki mawili ya mono. Gharama yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya ampli. Fedha inayobaki inaweza kumfikisha mgonjwa hospitalini au kulipia karo ya yatima.

Wako wazee katika makanisa yetu ambao macho yao hayasomi tena. Neno linawafikia kwa masikio tu, na wengi wao huketi mahali palepale kila Jumapili, pembeni, karibu na ukuta. Tuwatayarishie njia safi ya kusikia.

Bwana awabariki katika huduma yenu.